Meko ya Mjerumani Sebuleni kwa Mama

Kila nikisikia mtu anasifia nyumba za Mjerumani, kuta nene, mawe yamechongwa kama yamekatwa kwa wembe, damu inanichemka. Si kwamba anadanganya. Zilijengwa imara kweli, na mimi nimelelewa chini ya kipande cha nyumba moja ya namna hiyo. Kinachonichemsha ni ile sauti ya masikitiko inayofuata: ooh, vita viliharibu, ooh, urembo mwingi umepotea. Jamani, mnamsikitikia nani hasa? Ukuta?

Basi ngoja na mimi niseme yangu.

Kijiji chetu kiko njia ya Matai kwenda Mwazye, kwenye mgongo wa Ufipa ambako mwezi wa sita umande unauma vidole vya miguu kama siafu. Hapo zamani afisa mmoja wa Kijerumani, joto la ziwani Kasanga lilipomshinda, alipanda juu akatafuta baridi ya kwao. Alipoipata akajenga nyumba ya mawe na matofali ya kuchoma, halafu, maana baridi yenyewe nayo ilimshinda, akaweka meko ya kuotea moto ndani ya vyumba. Kulikuwa na meko sebuleni, meko chumba cha kulia na meko chumbani kwake. Yalichongwa kama madirisha ya kanisa: tao limechongoka juu, majani ya mawe yanapanda pande zote mbili yakisokotana, na kule tao linakoanzia, kila upande kichwa cha mtu kidogo kama ngumi.

Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipofika kwetu, nyumba ile iliteketea. Paa lilianguka, kuta zikafuata, meko ya chumbani na ya chumba cha kulia yakazikwa na kifusi. Ya sebuleni yalibaki yamesimama peke yake porini pamoja na dohani yake, lile bomba refu la matofali la kupitishia moshi. Vita ilipokwisha, babu yangu mzaa baba akajenga nyumba ya matofali mabichi akaizungushia dohani ile. Boriti ya mgongo wa paa akailaza juu ya bega la dohani. Nyumba nyingine kijijini zilijengwa upya mara ngapi sijui, yetu haikutikisika.

Ndani ya tao, pale pa moto, babu aliweka sanamu ya Bikira Maria.

Sisi wote tulijua ni altare. Mtu gani angefikiria vingine? Tao lilikuwa kama matao ya kanisani, majani kama ya kanisani. Watu walisema Mjerumani alikuwa na kikanisa chake nyumbani, na Mungu ndiye aliyekataa kisiungue. Vile vichwa viwili vilikuwa malaika, ingawa mmoja alikuwa ametoa ulimi nje. Bibi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani alituambia huyo wa ulimi ni mwenye dhambi aliyekataa kuungama. Walikuwa wakiniambia nimefanana naye kwa sababu ya mdomo wangu.

Jumuiya ilisali rozari kwetu kila wiki. Tulipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mbele ya meko ambayo hatukuwahi kuyawasha, tukitetemeka mpaka Salamu Maria zinatoka vipande vipande. Mama yangu alikuwa na kifua kibovu tangu namfahamu. Akimaliza kusali alikwenda jikoni, kibanda cha nyuma kisicho na dirisha, akapuliza kuni mbichi na kukohoa. Halafu anarudi ndani kulala kwenye baridi. Nikikumbuka hilo natamani kumpiga mtu, ila sijui nianze na nani.

Pengine ningeanza na padre. Alikuwapo padre mmoja mzungu, mwenye ndevu nyeupe na pikipiki, aliyekuja kubariki nyumba nilipokuwa darasa la tano. Aliinama mbele ya altare yetu, akachungulia ndani, akainua shingo kutazama juu kwenye dohani. Alikaa hivyo kitambo. Aliponyoosha mgongo alikuwa anatabasamu. Akanyunyiza maji ya baraka, akanywa chai, akaondoka. Huyu ni mtu aliyezaliwa kwenye nchi ambako kila nyumba ina kitu kile! Alijua. Alituona tunatetemeka mbele ya jiko, akatubariki, akapanda pikipiki yake.

Sasa tuje kwenye enzi za ruksa. Wenye umri wangu wanakumbuka: jana mnapanga foleni ya sabuni, leo maduka yamefurika sabuni za kila rangi na kila mtu ni mfanyabiashara. Mimi mwenyewe sijitoi. Nilikuwa nauza mitumba soko la Sumbawanga, makoti hasa, maana kwa baridi yetu koti halikosi mnunuzi. Mjini wakaibuka matajiri wapya. Mmoja alikuwa ananunua mahindi na maharage vijijini, anapeleka Kasanga yakavuke kwenda Zambia na Kongo, na sasa alikuwa anajenga gesti ya ghorofa. Mjini wote tuliizungumzia gesti hiyo. Ilisemekana itakuwa ya wazungu watupu.

Siku moja utingo wa lori akaniletea ujumbe sokoni kutoka kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba: "Njoo nyumbani, kuna neema." Baba mdogo hakuwa mtu wa kuniita kwa neema. Nikafunga robota langu, nikapanda lori hilo hilo.

Nilimkuta yule tajiri sebuleni kwa mama, amechuchumaa, kichwa chake chote kimeingia ndani ya tao. Bikira Maria alikuwa amewekwa pembeni sakafuni, kama ndoo. Fundi wake alikuwa anagonga gonga ukuta kwa nyundo ndogo. Baba mdogo alisimama katikati ya chumba mikono nyuma, anatabasamu kama bwana harusi. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, anachambua maharage kwenye ungo.

Nikaamkia. Mama akaitikia kwa macho. Baba mdogo akanijibu kwa adabu zote za Kifipa, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za mjini, habari za kazi, habari za njiani, utadhani hakuna mtu anayebomoa ukuta nyuma yake. Watu wetu wana adabu, hilo halina ubishi. Wanaweza kukuzika huku wanakuamkia.

Tajiri akatoa kichwa, uso umejaa vumbi na furaha. "Hii ni orijino!" akasema. "Nimeona kama hii kwenye hoteli moja Lushoto, lakini ile ni cha mtoto. Mama, mnajua mlichonacho?"

"Altare," nikamjibu mimi.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti. "Altare wapi, dada! Haya ni meko. Wazungu wanawasha moto humu ndani, wanavuta viti, wanaota. Moshi unapita juu, chumba chote kinapata joto. Hebu chungulia."

Nikachungulia. Juu kulikuwa na shimo jeusi, na mbali kabisa kipande cha anga. Masizi. Miaka yote ile sikuwahi kuingiza kichwa pale, nani angethubutu kuingiza kichwa ndani ya altare? Nikakumbuka ndevu za padre na lile tabasamu lake. Yesu na Maria! Nilihisi joto limenipanda kutoka miguuni.

"Tumeganda humu," nikasema. "Tumeganda humu miaka yote mbele ya jiko!"

Nikamgeukia mama nione kama na yeye amepigwa na mshangao. Alikuwa anaokota kijiwe kwenye maharage.

Tajiri akaeleza mpango wake. Atayachomoa mawe yale yaliyochongwa, atayapeleka Sumbawanga, atayajenga sebuleni kwenye gesti. Baba mdogo kama mkubwa wa ukoo amekwisha kubali. Na si bure, akasema, kuna malipo, na zaidi ya malipo kuna kazi: kijana wa baba mdogo, aliyemaliza shule akakaa nyumbani anahesabu mawingu, ataajiriwa gesti kuyahudumia meko hayo hayo.

"Nitamshonea sare," tajiri akasema, anatuonyesha kwa mikono. "Koti jekundu, vifungo vya dhahabu. Alfajiri wageni wamelala, yeye anaingia kimya kimya, anapiga magoti hapa, anawasha. Wakiamka moto uko tayari. Ndivyo wazungu wanavyopenda."

Mikono ya mama ikasimama juu ya ungo. "Anapiga magoti?" akauliza. Ndiyo kwanza nikasikia sauti yake tangu nifike.

"Sasa mama, utawashaje moto umesimama?" Tajiri akacheka tena, na baba mdogo akacheka naye.

Mama akarudi kwenye maharage yake. Mimi nikamuuliza fundi swali ambalo wenye nyumba walipaswa kuuliza: mawe yakitoka, dohani itasimama juu ya nini? Fundi alikuwa mkweli, nampa haki yake. Alisema mawe yale yameingia ndani ya ukuta kama magego, huwezi kuyatoa mazima bila kuvunja ukuta unaoyashika. Dohani itashuka. Boriti imelalia dohani. Wataegesha nguzo.

"Nguzo zitashika mpaka lini?"

Fundi akamtazama tajiri. Tajiri akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akakohoa, akapiga makofi yake mawili ya adabu, akasema, "Shemeji atakuja kukaa kwangu. Nyumba ipo. Mjane hakosi pa kulala wakati ndugu wa mumewe tuko hai."

Hapo ndipo nilipoona neema yenyewe. Mama yangu, aliyeitunza nyumba ile, akaipiga udongo, akamzika mumewe akitokea mle, akae kwenye kona ya nyumba ya shemeji yake akisubiri kuitwa kula! Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na kweli. Niliongea maneno siku ile ambayo mtoto haongei mbele ya baba yake mdogo. Nilimwita mwizi. Nilimwambia anauza kaburi la kaka yake apate vifungo vya dhahabu. Baba mdogo hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema tu, "Mwanangu amechoka na safari." Tajiri akaaga, akasema lori litakuja keshokutwa.

Siku iliyofuata nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alinisikiliza akiwa anachokonoa redio yake. Akasema mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo, na baba mdogo ndiye mkubwa wa ukoo. Halafu akaongeza, kwa furaha ya mtu aliyejifunza neno jipya, kwamba siku hizi ni soko huria. Nikamwambia basi na amuuze mama yake mzazi, si soko ni huria? Nikatoka kabla hajanitoa.

Nilimkuta mama uani anapura ulezi. Alikuwa amefagia uwanja, ametandaza masuke, anayapiga kwa fimbo. Nikachukua fimbo ya pili nikaanza kupiga, na kila pigo nilikuwa namtaja mtu: tajiri, mwenyekiti, baba mdogo, padre wa pikipiki. Mavumbi yakapanda, mama akakohoa, nikasimama.

"Unapasua masuke bure," akasema. "Hasira zako ziweke pembeni, ulezi haujakukosea."

"Mama, wewe huna uchungu? Jana umeambiwa maisha yako yote umesali mbele ya jiko!"

"Sikuanza kujua jana."

Nikabaki na fimbo hewani.

"Unadhani mimi sijui masizi?" akasema. "Nimeolewa hapa, nikapewa fagio. Wiki ya kwanza tu nilifagia mle ndani nikajua ni jiko. Sikusema kitu, bibi harusi hasemi. Miaka baadaye, babu yako alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho, mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Baba yako alikuwa shambani, baba yako mdogo alikuwa manamba huko Tanga kwenye mkonge. Akaniambia mimi."

Akawa anapiga ulezi, anaongea, si haraka wala polepole, kama anayesimulia habari za sokoni.

Babu alipokuwa kijana alikuwa mtumishi wa Mjerumani. Kazi yake ilikuwa moto. Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika, aliingia ndani kwa kunyata na kuni mgongoni, akapiga magoti mbele ya meko ya chumba cha kulia, akawasha, akaenda ya sebuleni, akawasha, akamalizia chumbani ambako bwana amelala. Bwana akiamka, moto uko tayari na babu ametoka. Hakuruhusiwa kukaa mbele ya moto ule hata dakika ya kupasha vidole. Alikuwa analala kibanda cha nje, kwenye baridi hii hii.

Vita ilipokaribia, bwana akakimbia. Kabla ya kuondoka alimwamuru babu aichome nyumba ili adui asiikute. Babu akachota moto kwenye meko aliyoyawasha mwenyewe alfajiri ile, akaichoma. Kisha yeye na kaka yake wakatwishwa mizigo ya bwana, wakaungwa kwenye mstari wa wapagazi. Kaka yake alibebeshwa sanduku la sahani. Sahani! Vita inapigwa, watu wanakufa, mtu anabeba sahani za kulia chakula. Alianguka njiani akiwa nalo, hakuinuka. Sanduku akatwishwa babu juu ya mzigo wake mwenyewe, kaka yake akaachwa pale pale bila hata kufunikwa.

"Aliporudi peke yake," mama akasema, "akaikuta dohani imesimama. Akasema nyumba niliyoichoma kwa mkono wangu hakuna wa kunifukuza. Akajenga. Lakini akaapa hakuna mtu atakayepiga magoti pale kuwasha moto tena, awe mzungu, awe mwanawe, awe nani. Ila si unamjua mtu na baridi? Alijua akifa tu, watawasha. Ndipo akaenda misheni, akapata sanamu. Aliniambia, kama ni lazima watu wapige magoti hapa, basi wampigie anayestahili."

Nilikaa chini kwenye ulezi. Nililia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Sanduku la sahani! Na leo anakuja mtu na lori, mtu mweusi kama sisi, kumvika mjukuu wa babu koti jekundu amrudishe pale pale kwenye magoti.

"Kwa nini jana hukuwaambia?"

"Ningemwambia nani? Yule tajiri? Angesema historia inaongeza thamani, akaandika kwenye kibao." Akakung'uta fimbo. "Nisaidie kupepeta, jua linashuka."

Kesho yake niliamshwa na mama akiburuta kuni. Kulikuwa kumepambazuka. Alikuwa amebeba kuni kutoka kibandani, magogo makavu ya akiba ya masika, ameyapanga ndani ya tao mpaka juu. Bikira Maria alikuwa mezani amefunikwa kitenge kipya cha Pasaka, uso tu uko nje. Mama alikuwa amepiga magoti na kiberiti mkononi.

"Mama! Kiapo cha babu!"

"Najiwashia mwenyewe," akasema. "Yeye alikataza kuwashia watu."

Moto ulikataa mwanzoni. Dohani ilikuwa imejaa viota vya ndege, moshi ukarudi chumbani, tukatoka nje tunakohoa na kujifuta macho. Halafu viota vikashika. Tukasikia mvumo mkubwa juu ya paa, cheche zikarushwa angani, na moshi wote uliokuwa ndani ukavutwa ukapanda. Tuliporudi ndani chumba kilikuwa cheupe, hakina moshi, na kina joto. Nilikuwa sijawahi kusikia joto sebuleni kwetu. Nikavua koti.

Kijiji kikaona moshi unatoka mahali ambapo haujawahi kutoka. Wakaja mbio, kina mama wa jumuiya mbele. "Moto altareni! Amechanganyikiwa!" Katekista akafika na kichupa cha maji ya baraka, anahema.

"Mama, umeingiwa na nini?"

"Nimeingiwa na baridi," mama akamjibu, akaongeza gogo.

Aliendelea kuongeza magogo asubuhi nzima. Mawe yaliyochongwa yakabadilika rangi, yakawa mekundu mekundu, ukisogeza mkono unauondoa. Yule malaika wa ulimi alikuwa kama anatema moto. Jua lilipopanda lori likaja. Tajiri akaingia na fundi na vijana wake na baba mdogo nyuma yao, wote wakasimama mlangoni.

"Nani kawasha?" tajiri akafoka. Akanyoosha mkono kugusa jani la jiwe, akaurudisha haraka akitukana. "Zimeni! Leteni maji muyapooze hayo mawe!"

"Mwanangu, usimwage maji," mama akamwambia, kwa upole kabisa. "Mawe ya moto hayataki maji. Muulize mwanamke yeyote anayepika kwenye mafiga."

Akainuka. Kando ya mlango kulikuwa na ndoo mbili alizochota kisimani, maji ya mwezi wa sita, ya kukata meno. Akaibeba ya kwanza kwa mikono miwili. Mimi nilidhani anaiondoa isimwagike. Akaimwaga yote juu ya tao kutoka kulia kwenda kushoto, akijihadhari maji yasiingie motoni, na kabla mvuke haujatulia akamwaga ya pili.

Mlio wake sijui niufananishe na nini. Watu nje walilala chini. Mvuke ulipopungua tuliona majani ya mawe yanadondoka moja moja sakafuni, tao limepasuka usoni kote, vichwa vyote viwili vimetoka. Nyuma ya urembo jiwe la ndani lilikuwa limeshika ukuta vile vile, halikusogea. Moto ulikuwa unawaka.

Tajiri alishika kichwa. Akasema ataita polisi. "Waite," mama akamjibu. "Waambie ajuza kamwagia maji jiko lake." Fundi akageuza uso, nina hakika alikuwa anacheka. Lori likaondoka tupu, na tajiri kabla ya kupanda alimwambia baba mdogo mbele ya watu wote kwamba asimwone mwanawe getini kwake, si kwa kuwasha moto, si kwa kufagia.

Watu wakatawanyika. Baba mdogo hakwenda kwake. Alikaa uani kwenye kinu kilichopinduliwa, upepo unampiga, amejikunja kwenye koti lake kuukuu. Mimi nilimwangalia nikasema moyoni, kaa hapo hapo ugande. Na nilikuwa na mengi zaidi, nilikuwa nayapanga tu nianze na lipi.

Mama akatoka, akasimama mbele yake. Akamsimulia yote, pale pale kwenye upepo, kuni, alfajiri, sanduku la sahani, kaka wa babu aliyeachwa njiani. Baba mdogo alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuomba msamaha, wala mama hakumwomba aombe.

"Ingia ndani, shemeji," mama akasema. "Baba yako aliuwasha moto huu miaka yote hakuota hata siku moja. Wewe njoo uote."

Akaingia. Mama akampa kigoda chake, yeye akakaa chini. Nilimwona yule mtu, aliyetaka kumtoa mama yangu nje ya nyumba yake, ananyoosha mikono kwenye moto wa mama yangu, amekalia kigoda cha mama yangu, na machozi yanamtiririka. Hayakunigusa hata kidogo. Nilisimama mlangoni nimeshika fremu kwa mikono miwili.

"Na wewe ingia," mama akaniambia.

"Sitaki."

Alinitazama. Nilijua ananielewa, na nilijua hatanibembeleza.

"Basi funga mlango," akasema. "Unatutolea joto."

Nikaufunga, nikiwa nje.